Daftari Likilowa, Mgonjwa Hupotea

Yafuatayo ni mazungumzo ya muuguzi mstaafu na klabu ya afya ya shule moja ya sekondari wilayani Lushoto. Tumeyaacha karibu kama alivyoyasema. Someni, halafu mjaribu zoezi lililo mwishoni.

Marahaba, wanangu. Kaeni.

Mwalimu wenu aliponialika nilimwuliza, nizungumze nini? Akasema, "Mama, zungumza chochote cha afya." Najua mnangoja UKIMWI, au mimba za utotoni. Leo hapana. Leo nataka tuzungumze juu ya madaftari.

Naona mnacheka! Chekeni tu. Lakini wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza: na mgonjwa bila daftari hupotea bila habari. Niliyaona kwa macho yangu.

Usiku wa mvua

Ilikuwa wakati wa mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997 kuingia 1998. Waulizeni wazazi wenu. Huku milimani udongo uliporomoka na barabara zikakatika. Nilikuwa nafanya kazi katika zahanati moja ndogo. Usiku mmoja upepo uliinua bati mbili juu ya chumba cha kumbukumbu. Asubuhi nafungua kabati, maji yanamwagika miguuni. Rejista ya wagonjwa wa kifua kikuu imekuwa uji. Wino umechuruzika, hakuna jina linalosomeka.

Wakati ule dawa za kifua kikuu zilinywewa kwa miezi 8. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa alikuja kila siku, akameza mbele yetu. Baada ya hapo alichukua dawa mara moja kwa mwezi. Rejista ndiyo iliyotuambia nani yuko mwezi wa ngapi, na nani tarehe yake imepita bila kuja ili tumfuate nyumbani. Tulikuwa na wagonjwa 11.

Tukafanyaje? Kwanza, kila mgonjwa alikuwa na kadi yake nyumbani. Tukatuma habari vijijini: njooni na kadi. Wakaja 7. Mzee mmoja kadi yake aliifunga katika mfuko wa nailoni na kuichomeka juu ya dari. Ilikuwa safi kuliko kitu chochote ofisini kwetu!

Pili, mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya alikuwa na rejista yake, ambayo huinakili kutoka zahanati hadi zahanati. Humo tukawapata wengine 3.

Saba na tatu ni ngapi? Kumi. Je, wa 11?

Huyo alikuwa kijana, umri kama wenu au zaidi kidogo. Kadi yake aliitupa, maana aliogopa wenzake wataiona na kumcheka. Na mratibu hakuwa amefika kwetu kwa zaidi ya miezi 3 kwa sababu ya barabara, kwa hiyo nakala ya wilayani ilikuwa ya zamani. Kijana alianza dawa baada ya nakala ile. Hayupo popote. Mimi sura yake naikumbuka, kijiji chake sikijui.

Tarehe yake ikapita. Hakuna aliyejua kwamba imepita. Alikuwa amepata nafuu, akadhani amepona, akakaa nyumbani. Baada ya miezi 2 akarudi anakohoa, amekonda. Ikabidi aanze matibabu upya, safari hii na sindano za kila siku kwa miezi 2. Na mdogo wake, waliyelala chumba kimoja, naye alikuwa ameanza kukohoa.

Wote wawili walipona, namshukuru Mungu. Lakini niambieni, kosa lilikuwa la nani? La mvua? Mvua hunyesha kila mwaka, jamani. Kosa lilikuwa letu. Hatukuwahi kujiuliza: daftari hili likipotea leo, kesho tutafanyaje?

Madaftari yaliyoeleza tauni

Labda mtasema, "Ni zahanati moja tu." Haya, tuchukue jambo kubwa zaidi.

Mwaka 1980 tauni ilizuka katika wilaya yetu ya Lushoto. Ikawa inarudi, inapoa, inarudi, mpaka miaka ya mwanzo ya 2000. Watu waliougua ni maelfu, na waliokufa ni mamia. Tauni huletwa na viroboto wa panya. Mtu hupata homa kali na uvimbe kwenye kinena au kwapani, yaani mtoki. Akiwahi dawa hupona. Akichelewa, hatari.

Sasa, kila mgonjwa aliyefika kituoni aliandikwa: jina, umri, kijiji, tarehe. Muuguzi aliyeandika labda alikuwa amechoka na taa yake inakaribia kuzimika. Lakini aliandika. Miaka baadaye watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, walikusanya kumbukumbu hizo na kuona jambo la ajabu: vijiji viwili vinatazamana, kimoja tauni inarudi mara kwa mara, kingine karibu hakuna. Kwa nini? Ndipo wakaanza kuchunguza panya, viroboto, mashamba, namna ya kuhifadhi mahindi ndani ya nyumba.

Bila madaftari yale swali lenyewe lisingekuwepo. Panya angeyatafuna, nasi tungebaki na hadithi tu.

Berlin na mimea ya Usambara

Mfano mwingine wa mbali, ingawa ni wetu. Miaka ya 1890 Mjerumani aitwaye Carl Holst alichuma mimea katika misitu hii ya Usambara, akaikausha na kuipeleka Berlin. Pale wataalamu waliipa majina ya kisayansi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, katika vita vya pili vya dunia, jengo lile lilipigwa mabomu na sehemu kubwa ya mimea ile ikaungua.

Je, yote ilipotea? Hapana. Wataalamu wa mimea wana desturi moja nzuri. Mtu akichuma tawi, huchuma matawi kadhaa ya mmea uleule, akagawa kwa nyumba mbalimbali za kuhifadhia. Nakala nyingine zilikuwa Kew, Uingereza, na kwingineko. Kwa hizo, mimea mingi ya kwetu bado ina ushahidi wake. Iliyokuwa na nakala moja tu, Berlin peke yake, basi.

Mnaona? Mzee wa mfuko wa nailoni na wataalamu wa Ulaya, akili yao ni moja.

Maswali manne

Sasa njooni nyumbani. Klabu yenu ina majina ya wanachama, fedha za michango, na orodha ya wenzenu wenye pumu, kifafa au selimundu pamoja na namba za simu za wazazi. Mwenyekiti, viko wapi vyote hivyo? (Mwenyekiti akajibu: "Kwenye kaunta buku, Mama.") Moja? ("Moja.") Nani analo? ("Katibu. Leo hayupo, anaumwa.")

Basi! Katibu kaumwa, na klabu nzima imeumwa!

Taasisi yoyote, iwe hospitali, benki, shule au klabu, ijiulize maswali manne.

La kwanza: kipi kikipotea mtu ataumia? Msianze na vyote. Picha za mahafali zikipotea tutasikitika. Orodha ya wenye kifafa ikipotea, mwenzenu anaweza kuanguka bwenini na hakuna anayejua afanye nini. Anzeni hapo.

La pili: nakala yenu ina umri gani? Ile ya wilayani kwetu ilikuwa na miezi 3, na ndani ya miezi hiyo kijana wetu alipotea. Kama mnapata habari mpya kila wiki, nakilini kila wiki.

La tatu: mnaweza kukaa muda gani bila taarifa hiyo? Hesabu ya fedha inaweza kungoja wiki. Orodha ya wagonjwa haiwezi kungoja hata usiku mmoja, kwa hiyo nakala yake iwe karibu, kwa matroni au patroni.

La nne: nakala iko wapi? Ikiwa kabati moja na ile ya kwanza, moto utakula zote mbili. Wataalamu wa kompyuta wana kanuni rahisi: nakala 3, kwa njia 2 tofauti, na 1 iwe nje ya jengo. Kwa mfano, daftari, kompyuta ya shule, na flashi iliyofungiwa ofisi nyingine. Na msiseme, "Sisi tuna kompyuta, mambo ya mvua yamepitwa." Kompyuta nayo huibiwa, hupata virusi, huungua radi ikipiga. Na Lushoto radi mnazijua!

Halafu jaribuni. Chagueni siku moja mjifanye daftari limepotea. Je, mnaweza kulirudisha kutoka kwenye nakala? Nakala ambayo hamjawahi kuifungua ni matumaini tu.

Siri ya mtu ni amana

Mwanafunzi mmoja hapa mbele ananitazama kama ana swali. Sema, mwanangu. ("Mama, nakala zikiwa nyingi, si siri zitavuja?")

Umeuliza vizuri sana. Yule kijana alitupa kadi kwa nini? Kwa hofu ya kuchekwa. Kama angeamini kwamba siri yake iko salama, angeitunza kadi, na kadi ingemwokoa. Kwa hiyo kutunza na kuficha siri vinakwenda pamoja. Kila nakala iwe na mwenyewe anayejulikana, na kufuli au neno la siri. Orodha ya magonjwa haibandikwi ukutani wala hairushwi kwenye kundi la simu. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazotakiwa kulindwa kwa uangalifu zaidi. Nanyi mnapoandika jina la mwenzenu na ugonjwa wake, mmeshika amana yake.

Siku hizi matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi 6, na ni bure katika vituo vya serikali. Ukikohoa wiki mbili, nenda ukapimwe. Ukipewa kadi, itunze. Usione haya. Ile karatasi ndogo inaweza kuwa ndiyo nakala pekee inayosema wewe ni nani.

Asanteni kwa kunisikiliza. Na mwenyekiti, kabla hujalala leo, nenda kamwangalie katibu. Mpe pole. Halafu uombe lile kaunta buku!

ZOEZI KWA KLABU YENU

1. Andikeni orodha ya kumbukumbu zote za klabu. Wekeni alama kwenye zile ambazo zikipotea mtu anaweza kudhurika.
2. Kwa kila moja, andikeni: nani anatunza, nakala iko wapi, na ilinakiliwa lini.
3. Jadilini: nani anaruhusiwa kuona orodha ya wanafunzi wenye magonjwa, na nani haruhusiwi? Kwa nini?
4. Je, unajua kadi yako ya kliniki ya utotoni iko wapi? Ukienda likizo, muulize mama au bibi, kisha uiweke mahali pakavu.