KARATASI ZA GHALA ZIKAE PAMOJA
(Maneno ya Kamati mkutanoni)

Ndugu wanachama,

Ghala tumelijenga kwa jasho letu, lakini karatasi zake zimetawanyika. Ramani iko kwa katibu wa zamani, stakabadhi za mabati kwa mweka hazina, hati ya kiwanja hatujui kwa nani. Juzi fundi kachimba, kakata bomba la maji, maana ramani hakuiona.

Hilo ni bomba tu. Kule London, mwaka 2017, jengo la ghorofa la Grenfell Tower liliungua, wakafa watu 72. Wazima moto walifika hawana ramani yake.

Basi jamani, mwenye karatasi yoyote ailete ofisini. Sanduku la chuma lipo. Anayeazima atie sahihi kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kamati ya Ushirika