Nuru Iliyopinda

(Somo: Wagalatia 6:1-5)



Jioni moja stima ilipotea hapa Jericho, tukiwa katika mkutano wa vijana. Mmoja wao, mwanafunzi wa fizikia, aliwasha mshumaa, akachukua glasi ya divai iliyovunjika shingo, akatuambia tuutazame moto kupitia kitako chake. Kilipokaa sawasawa, ulimi wa moto ukawa pete. Alipokisogeza kidogo, pete ikakatika, tukaona ndimi mbili. Na mshumaa ni ule ule mmoja!

Akatueleza kwamba kitu kizito angani huipinda nuru ipitayo karibu nacho, mfano wa kitako kile. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipopatwa, Mwingereza Arthur Eddington, Mkristo wa Marafiki kama ndugu zetu wa Kaimosi, alipiga picha katika kisiwa cha Príncipe, magharibi ya Afrika. Nyota zilizo karibu na jua zilionekana zimehama. Hazikuhama; nuru yake ndiyo iliyopinda. Tena mwaka 1979 wanajimu waliona mianga miwili iliyofanana mno, kumbe ni mmoja, uliogawanywa na galaksi iliyo katikati. Siku hizi wataalamu huigiza jambo hilo maabarani kwa miale ya leza, wakiipitisha katika vioo vilivyochongwa kwa hesabu, maana jua halibebeki mezani. Na kwa mpindo wa nuru hupima hata uzito wa vitu visivyoonekana kabisa.

Maneno hayo ya mwisho yalituchoma. Kanisani petu palikuwa na mama aliyechelewa kila Jumapili, akatoka kabla ya Meza ya Bwana. Katika baraza la kanisa tulisema amepoa, tukamwondoa katika uongozi wa akina mama. Ilipita miezi mitano ndipo tukabisha mlangoni kwake. Mumewe alikuwa kitandani, kiharusi kimemshika upande mmoja, na mama alikuwa akiwahi nyumbani kumgeuza asipate vidonda. Hakumwambia mtu, kwa kuwa mzee aliona haya.

Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba bila neno, kisha wakakosea walipofungua vinywa. Sisi hata hizo siku saba hatukuketi.

Tulimwomba msamaha. Akasema, "Pasta, shika huku kwanza, tumgeuze."

Tuombe. Ee Bwana, uwape usingizi usiku huu wote wanaouguza nyumbani, Kaloleni, Makadara, Buruburu na hapa Jericho. Amina.