Maana ya Kupakua katika Mtandao wa Kompyuta



Mtu wa Chiwanda hahitaji kufundishwa neno kupakua. Mtumbwi ukifika ufukweni hupakuliwa magunia. Chakula kikiiva hupakuliwa chunguni. Kwa njia zote mbili, kilichopakuliwa huondoka kilipokuwa, na mtumbwi hubaki mtupu. Wataalamu wa kompyuta waliliazima neno hili nusu tu, na nusu iliyosalia ndiyo inayowaponza makatibu.

Kupakua katika mtandao ni kuiita nakala ya waraka uliomo katika kompyuta ya mbali, ije ikae katika kompyuta au simu ya mwenye kuiita. Asili haisogei. Karani wa zamani aliyenakili muhtasari wa mkutano kutoka daftari moja hadi jingine alifanya kazi iyo hiyo. Kanuni za awali za kupelekeana majalada hivyo ziliandikwa mwaka 1971 na Abhay Bhushan, Mhindi aliyekuwa katika chuo cha MIT, Marekani.

Waraka hausafiri mzima. Hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja kikiwa na namba na anwani. Vikifika hupangwa upya, na kilichopotea njiani huombwa tena. Mtandao ukikatika katikati, jalada hukataa kufunguka kwa kuwa limefika pungufu. Tena kasi hutajwa kwa biti na ukubwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Jalada la megabaiti 5, kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, huchukua sekunde 40, wala si 5.

Yuko katibu anayeisoma orodha ya malipo kwenye kioo cha simu pale mtandao ulipo, akadhani anayo. Nakala ile ilikuwa ya muda tu. Afikapo kijijini, mbele ya wanachama wanaongoja fedha zao, haioni tena. Hana budi kuihifadhi kabla ya kuondoka.

Lakini kosa lililo zito zaidi hutendeka kwenye duka la kuchapia. Katibu hufungua barua zake katika kompyuta ya duka, hupakua orodha ya wanachama yenye majina, namba za simu na akaunti za benki, huchapa, hulipa, huondoka na karatasi. Huamini kwamba ameondoka na orodha, kama aliyepakua mtumbwi. Kumbe nakala imebaki palepale, na atakayekikalia kiti kile baada yake ataikuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka mwenye kushika taarifa za watu azilinde.

Basi kabla ya kulipa, katibu alifute jalada, alifute tena katika pipa la taka la kompyuta, kisha aifunge barua yake. Na mwanachama anayo haki ya kumwuliza katibu, mkutanoni, orodha ile ilichapwa wapi na ilifutwa na nani.