Fungua Robota Kabla ya Kumlisha Punda
Wafugaji wa Kariandusi,

Mashine ya kufunga nyasi haichagui. Hukusanya pia waya wa ua, misumari na mifuko ya plastiki, ambayo ilipigwa marufuku mwaka 2017 lakini mabaki yake bado yamo mashambani. Kwa ng'ombe, waya uliomezwa huweza kutoboa tumbo hadi moyo. Punda na farasi hawatapiki. Plastiki au kamba ikiziba utumbo, mnyama huweza kufa.

Robota likiwa na kamba mbili, hakikisha zote mbili zimetoka. Tawanya nyasi, zikung'ute, na utupe zenye ukungu. Punda akikataa chakula huku akigaagaa na kutazama ubavu wake, usingoje kesho. Mwite daktari wa mifugo.