Kiambatisho Hatari Kiishie Mlangoni

Mwezi Mei 2000 barua pepe yenye kichwa "ILOVEYOU" ilianzia Ufilipino, ikaambukiza mamilioni ya kompyuta duniani. Kiambatisho chake kilionekana kama faili ya maandishi, yenye mwisho wa TXT. Kumbe mwisho wake halisi ulikuwa VBS, yaani programu inayofanya kazi mara tu inapofunguliwa. Tena ilijisambaza yenyewe kwa anwani zote alizohifadhi aliyeambukizwa, hivyo wapokeaji wengi waliona jina wanalolifahamu. Hapo ndipo tunapojifunza kwamba tahadhari ya mtu mmoja mmoja haitoshi. Ofisi, shule na vyama vya akiba viweke chujio kwenye seva ya barua pepe, lizuie faili za EXE, VBS, JS na nyingine za aina hiyo kabla hazijamfikia mtu.

Wapo wanaohofia kwamba kazi zitakwama. Hofu hiyo ina msingi, ila ni nadra mhasibu au mwalimu kuhitaji kutumiwa programu kwa barua pepe. Faili yenye shaka iwekwe karantini, msimamizi aikague. Wengine husema programu ya kuzuia virusi inatosha. Lakini hiyo hutegemea sana virusi vinavyojulikana, ilhali chujio huzuia aina ya faili, hata kama kirusi kimetengenezwa leo. Na mhalifu akificha faili ndani ya ZIP yenye nywila, izuiliwe pia hadi mtumaji athibitishwe kwa simu. Kinga ni bora kuliko tiba.