Wa Nyuma Naye Ni Wetu: Maneno kwa Wakimbiaji Wetu wa Kili

Makamanda, haya ni maneno niliyosema Jumamosi iliyopita pale Coco baada ya mazoezi. Wengine mlikuwa mmeshadandia daladala, wengine mko mikoani mnafanya mazoezi yenu huko huko, mkaomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu matani.

*

Wakubwa shikamooni. Wadogo zangu, poleni na jua. Kaeni chini, nyoosheni miguu, mwenye maji ampe jirani yake.

Sitawachosha. Zimebaki wiki sita twende Moshi. Tulipoanza Novemba tulikuwa 41. Leo nimehesabu wakati tunavuka Daraja la Tanzanite, tuko 26. Nikajiuliza wale 15 wameenda wapi, maana si kwamba wote wamehama mji. Wiki hii nikakaa na simu, nikampigia mmoja mmoja.

Wawili wamebadilishiwa zamu kazini. Mmoja anauguza. Mmoja ameumia goti na nimemwambia asirudi mpaka apone kabisa. Lakini waliobaki, jamani, karibu wote wamenipa jibu moja. Dada mmoja kaniambia hivi: "Kaka, mimi nawachelewesha. Nikifika mmeshapiga picha na kuondoka."

Nikakumbuka ile orodha. Ile ya kila Jumamosi kwenye kundi la WhatsApp, jina na muda, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Na vile vikatuni vya kobe mnavyotuma chini yake. Orodha ile nimeianzisha mimi. Nilidhani inatia hamasa. Kwa watu watano wa mbele inatia hamasa kweli, kwa wengine wote ni kutangaziwa aibu kila wiki. Kwa hiyo kosa ni langu, naomba radhi hapa mbele yenu, na orodha imekufa leo. Anayetaka kujua muda wake ana saa mkononi.

Sasa sikilizeni. Mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu mnamjua wote. Mexico, Olimpiki ya 1968. Alianguka njiani, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2 na dakika 20. Mzee wetu akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza linaingia, watazamaji wengi wameshaondoka. Jibu alilotoa alipoulizwa kwa nini hakuacha, kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, kila mwanasiasa analitumia. Hata wale tusiokubaliana nao.

Lakini kuna hesabu moja watu hawaisemi. Siku ile walianza wakimbiaji 75. Akhwari alishika nafasi ya 57, tunasema "alikuwa wa mwisho". Haya, nani anipe hesabu, 75 toa 57? Kumi na nane. Watu 18 waliondoka mstarini naye, wengine wao wakiwa na magoti mazima, na hawakumaliza. Yeye alikuwa wa mwisho kati ya waliofika tu. Yule dada aliyesema anatuchelewesha, Jumamosi ile alimaliza kilomita 16 zote. Mimi namjua kijana mmoja mwenye raba za bei mbaya aliyepanda bodaboda kwenye kilomita ya 11. Anacheka pale, anajijua.

Tuje kwenye mwendo, maana hapa ndipo tunapouana wenyewe. Tunakimbia mazoezi kama tunakimbizwa. Kipimo ni rahisi, hakihitaji saa ya gharama: katika mbio ndefu ya Jumamosi uweze kuongea. Sentensi nzima, si neno moja moja. Kama huwezi kumsimulia mwenzako mechi ya jana, umezidisha, punguza. Mnakumbuka mchakamchaka shuleni? Tulikuwa tunakimbia tunaimba. Mwalimu alikuwa anatufundisha mwendo bila sisi kujua. Mbio ya taratibu ndiyo inayofundisha moyo na misuli kufanya kazi muda mrefu. Ile ya kasi ina siku yake, mara moja kwa wiki, na fupi.

Na msiongeze kilomita kwa pupa. Umekimbia 14 wiki hii, wiki ijayo 16, si 22. Mapafu yanazoea haraka, mishipa na mifupa inachelewa, ndiyo maana unajisikia simba halafu ghafla ugoko unakataa.

Mwaka juzi mimi nilikwenda Moshi nikiwa mbabe wa Coco. Njia yetu hapa ni sahani, mnaijua. Mbio ya kilomita 21 ya Kili nusu ya kwanza ni kupanda, unauelekea mlima, Mweka kule. Nikaondoka na kundi la mbele kwa sababu watu walikuwa wananiangalia. Kilomita ya 5 nikawa nahema kama injini ya fuso. Kilomita ya 8 nikasimama, nikashika kiuno, wakanipita watoto, wakanipita wazee, akanipita mama mmoja mtu mzima anayekimbia kama anakwenda sokoni, hana haraka hata kidogo. Akaniambia, "Pole mwanangu, twende." Nikatembea naye, tukakimbia, tukatembea, tukageuza, tukashuka. Bila yule mama nisingemaliza. Sijui hata jina lake.

Ndiyo maana kuanzia wiki ijayo Jumapili mbili kati ya tatu tunahamia Pugu na Kimara kwenye miinuko. Ukipanda, fupisha hatua, tazama mita chache mbele yako, acha kuangalia kilele. Kutembea kwenye mlima si dhambi. Na kushuka kuna kazi yake pia: kata kucha za miguu siku mbili kabla, la sivyo utarudi Dar na kucha nyeusi. Paka mafuta ya mgando mapajani na kwapani, na nyie wanaume hata kifuani, msione aibu, fulana ikilowa jasho inachubua mpaka damu.

Raba za mtumba hazina neno, mimi mwenyewe navaa za Karume. Ila bonyeza soli kwa kidole gumba. Kama imekuwa ngumu kama ubao, iache hata kama juu inang'aa. Na usivae raba mpya siku ya mbio.

Chakula: usiku wa kuamkia mbio ndefu kula wali, ndizi au viazi, vitu ulivyovizoea. Wale watano mnaokimbia 42, mtakapofika kilomita ya 30 hivi akiba ya sukari mwilini inakuwa inaelekea ukingoni, miguu inageuka saruji. Kuleni kitu kidogo njiani kabla hamjaisikia njaa. Maji mnywe, lakini msinywe kama mnajaza pipa, maji yakizidi sana nayo ni hatari.

Nataka niseme la kina dada. Mmeniambia mkibaki nyuma peke yenu alfajiri kuna vijana wa vijiweni wanawatania, wengine wanawafuata. Sisi tuko mbele tunashindana, hatujui. Hilo limeniuma kuliko orodha. Chama kinachodai nchi salama halafu kinaacha dada zake gizani kwenye kilomita ya tatu, hapana bana.

Kwa hiyo utaratibu mpya: kila Jumamosi mmoja wa wale watano wa mbele anakuwa mkia. Anakimbia wa mwisho. Hapiti mtu yeyote mpaka tumalize. Picha haipigwi mpaka mkia afike. Najua mtaniambia mwendo wako utaharibika. Hautaharibika, ndiyo ile ile mbio ya kuongea niliyowaambia.

Tena mbio ndefu hulipa polepole hata kwa walio bora duniani. Juma Ikangaa alikuwa wa pili Boston mwaka 1988, kwa sekunde moja tu. Akarudi 1989, wa pili tena. Mwaka ule ule akaenda New York akashinda. Alphonce Simbu alipata shaba London 2017, halafu miaka minane ya kwenda na kurudi, dhahabu ikaja Tokyo mwaka jana. Alimaliza kwa 2:09:48, na Mjerumani aliyekuwa wa pili ana muda huo huo, 2:09:48. Ilibidi picha iamue, ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Kwenye mita za mwisho Simbu alikuwa nyuma. Nyuma! Mimi niliruka mpaka jirani akagonga ukuta.

La mwisho, halafu tunywe chai. Mnakumbuka Desemba tulisimamishwa na gari, tukaulizwa kibali cha mkusanyiko kwa sababu wanne wetu walivaa fulana za chama. Tulikuwa watu 30 tumelowa jasho saa 12 asubuhi. Tukajibu kwa heshima, tukasubiri, tukaachiwa. Wapo ambao hawakurudi baada ya siku ile, na siwalaumu hata kidogo. Mwaka tuliotoka kila mmoja wetu anajua umempitisha wapi. Wengine mmezika. Kama kukimbia hapa asubuhi ndiyo saa pekee ya wiki ambayo kifua kinakuwa chepesi, njoo hivyo hivyo, vaa fulana yoyote, hata ya Simba, hata ya Yanga, na usiseme neno la siasa mpaka utakapotaka mwenyewe.

Nimempigia tena yule dada jana usiku. Amesema atafikiria. Mkimwona Jumamosi msimpigie makofi, atajisikia vibaya. Msalimieni tu kama kawaida.

Jumamosi tunaondoka saa 11:30 alfajiri, kilomita 18 kwa wa 21, kilomita 28 kwa wa 42. Mkia ni mimi. Ndizi analeta mweka hazina, na nauli ya Moshi mwisho wa kulipa ni tarehe 10, basi halitusubiri.