Maiti Iliyofumbua Macho: Ngeli na Hofu katika Riwaya za Kutisha za Vijana



Zipo sentensi mbili ambazo mhariri yeyote wa Kiswahili aliyefunzwa vyema angezitia alama ya kosa: "Maiti iliyolazwa mezani ilifumbua macho. Akamtazama Asha, kisha akatabasamu." Sentensi ya kwanza imeipatanisha nomino maiti kwa kiambishi i-, ya pili imehamia a-. Kitabu cha sarufi kitamtaka mwandishi achague upatanisho mmoja na kudumu nao. Msomaji wa miaka kumi na miwili, ambaye hana habari na kitabu hicho, atakuwa amekwisha kuvuta shuka hadi kidevuni. Baina ya ili- na aka- pametukia jambo ambalo hakuna kitenzi kilichotajwa kulieleza: kilichokuwa kitu kimekuwa mtu. Mhadhara huu unahusu mahali hapo padogo, na hasara ipatikanayo mhariri anapopafuta.

Riwaya za fantasia na za kutisha wanazoandikiwa vijana zimeenea mno tangu mwaka 1992, R. L. Stine alipoanza huko Marekani mfululizo wa Goosebumps, ambao awamu yake ya kwanza ilifikia vitabu 62 kufikia mwaka 1997. Mwaka 2002 Mwingereza Neil Gaiman alitoa Coraline, ambayo mwaka 2009 ilifanywa filamu na Henry Selick. Na mwaka 2008 akatoa The Graveyard Book, kitabu cha kwanza kupata nishani zote mbili kubwa za vitabu vya watoto, ile ya Newbery ya Marekani na ile ya Carnegie ya Uingereza. Katika idara za Kiswahili vitabu vya namna hii aghalabu huwekwa katika kapu la fasihi pendwa, na mjadala huishia katika maadili: je, mtoto ataota ndoto mbaya? Swali hilo ni la haki, na mzazi ndiye mwenye kulijibu. Lakini limeziba jingine ambalo ni la wanaisimu: lugha hutishaje?

Coraline ni mfano mwafaka. Msichana amehamia nyumba kuukuu. Humo mna mlango ambao ukifunguliwa huonyesha ukuta wa matofali tu, hadi siku ukuta haupo. Ng'ambo ya mlango kuna nyumba kama ile ile, na mama kama yule yule, ila macho yake ni vifungo vyeusi. Mama huyu anataka kumshonea msichana naye vifungo machoni, ili abaki huko daima. Kwa Kiingereza kitisho chote kimebebwa na jina la mhusika huyo, ambalo kwa tafsiri sisisi ni "mama mwingine". Hapo mfasiri wa Kiswahili anajikwaa mapema. Mtoto wa Tanga au wa Mombasa ana akina mama wengi: mama mkubwa, mama mdogo, pengine mama wa kambo, na kila rika la mama mzazi. Mama mwingine si ajabu kwake. Ndiye aliyempikia jana. "Mama wa pili" ni kubaya zaidi, kwani msomaji atadhani baba ameoa. Na mama wa kambo katili ni mhusika wa ngano aliyezoeleka kiasi kwamba hatishi tena, huchosha. Mfasiri makini angetafuta katika virejeshi na ukanushi vya Kiswahili chenyewe, apate labda "Mamasiye": mama ambaye siye. Neno hilo halimo kamusini, lakini halihitaji tanbihi.

Suala la jina, hata hivyo, ni dogo likilinganishwa na suala la ngeli. Kiswahili huwapa viumbe wenye uhai upatanisho wa a-/wa- bila kujali umbo la nomino: kipofu amefika, kiboko amezama, simba wamelala. Kanuni hii hufundishwa kidato cha kwanza kana kwamba imekamilika. Haijakamilika, na inapolegea ndipo wanapokaa viumbe wa kutisha. Methali isemayo zimwi likujualo halikuli likakwisha imelipa zimwi kiambishi li-. Ilhali katika ngano zile zile za jioni, zimwi likianza kuzungumza huweza kusikika akicheka, akiuliza njia, akiomba maji. Mzimu umo katika ngeli ya mti na mto, na Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) alilitumia neno hilo kwa mahali pa kutambikia. Lakini mzimu huo huo ukimtokea mtu usiku, wapo wasemao "umemtokea" na wapo wasemao "amemtokea", na mara nyingine ni msemaji yule yule katika pumzi moja. Kutoka shina hilo hilo zimepatikana kuzimu na wazimu: mahali pa wafu na maradhi ya akili. Lugha iliyoviweka vitu hivi katika ukoo mmoja haikungoja riwaya za Ulaya ili ifundishwe kutisha.

Yafaa kutofautisha kugeuka mnyama na kugeuka kitu. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze (1952) ana nduguze Adili waliogeuzwa manyani, na pia ana mji ambao watu wake wamekuwa mawe. Kisarufi, tukio la kwanza halibadilishi chochote: ndugu ni a-/wa-, nyani ni a-/wa-. Ndiyo maana masimulizi yanaweza kumhurumia nyani bila kukwaa, na kiboko kinachomwangukia usiku huumiza kama kinavyomuumiza binadamu. Tukio la pili ndilo la baridi. Watu waliokuwa wakinunua na kuuza wamekuwa ya-, yamesimama sokoni. Mwandishi hana haja ya kuongeza kivumishi.

Rudi sasa kwa Coraline. Katika pango lililo chini ya sakafu msichana anamkuta yule baba wa ng'ambo ya mlango, ambaye mama amemtupa kwa kuwa hamfai tena. Amevimba, uso umeanza kupoteza maungo yake. Kwa muda anajitahidi kumwonya msichana, kisha analazimika kumshambulia. Kiingereza kina kiwakilishi cha kitu na cha mtu, nacho Gaiman amekitumia. Kiswahili kinaweza zaidi, kwa kuwa kila kitenzi, kila kivumishi na kila kimilikishi hulazimika kushika upande. "Kilijikokota sakafuni. Kilimkaribia. 'Kimbia,' alisema, 'bado ninaweza kukizuia.'" Mtu amechomoza kwa kitenzi kimoja, na hicho anachokizuia ni yeye mwenyewe. Mhariri akisawazisha viambishi hivi, pango litabaki na baba mgonjwa tu.

Kuna pia mahali Kiswahili kinapopoteza, na si haki kupaficha. Nyuma ya kioo msichana anakutana na watoto watatu waliokufa zamani, ambao wamesahau majina yao. Mmoja hana hakika hata kama alikuwa wa kiume au wa kike. Katika Kiingereza usahaulifu huo ni jeraha la kisarufi, maana mtoto huyo hajui aitwe kwa kiwakilishi kipi. Katika Kiswahili yeye ni yeye, na hasara haionekani. Mfasiri anaweza kuifidia kwa ngeli: watoto hao wazungumze wakijitaja kwa vi-, kama vivuli, na waanze kupata wa- kadiri msichana anavyowakomboa. Wapo watakaosema huko ni kuandika upya. Huenda. Lakini kufasiri neno kwa neno mahali ambapo neno limekwisha kufa ni kumzika mwandishi mara ya pili.

Katika The Graveyard Book tatizo ni la ukanushi. Mtoto anayelelewa na mizimu ya makaburini amepewa jina ambalo kwa Kiingereza maana yake ni kutokuwapo mtu. Kiswahili hakina nomino ya namna hiyo. Hukanusha katika kitenzi, "hakuna mtu", "hapana mtu". Ukimwita mtoto Simtu, umemtukana, kwa sababu "yule si mtu" husemwa kila siku juu ya jirani mwenye roho mbaya. Mlezi wake Silas anamfaa zaidi mfasiri: mwandishi hakulitaja popote jina la aina ya kiumbe aliyo, akaacha dalili zimseme. Mila ya Waswahili ya kutowataja wenye usiku kwa majina yao inalingana na mbinu hiyo kikamilifu.

Neno moja la kando. Mzuka, ambao ulikuwa ukiwafungisha watu madirisha, katika msimu wa vijana wa Tanzania umekuwa furaha na hamasa: mtu "ana mzuka" akisikia muziki aupendao. Baadhi ya walimu husikitika. Ila mwandishi wa riwaya ya kutisha anayejua kusikiliza atauona mlango: kijana anayesema "nina mzuka" akiingia ukumbini, na sura tano baadaye anausema tena, kwa maana ya babu yake.

Wanafunzi waliomo humu wengi wataajiriwa na wachapishaji au watakuwa walimu, na kalamu nyekundu itakuwa mkononi mwao. Miswada ya vijana wenye umri wao itawafikia ikiwa na mizimu inayosema na mizimu wanaosema katika ukurasa mmoja. Mingine itakuwa imekosea kweli, kwa uzembe, na yapasa isahihishwe. Kuipambanua kunahitaji kuuliza, kabla ya kukata, ni sentensi ipi hasa iliyobadilisha kiambishi na ni nini kilichokuwa kikitendeka chumbani wakati huo.

Mwishoni mwa Coraline mama ameshindwa, lakini mkono wake wa kulia umekatika na kumfuata msichana hadi katika dunia yake. Unatambaa kwa vidole, unakwaruza madirisha, unautafuta ufunguo. Msichana anatandika kitambaa juu ya kisima kilichoachwa, anapanga vikombe vya wanasesere kana kwamba ni karamu, anauweka ufunguo katikati, naye anangoja. Mkono unaruka. Mfasiri amefika katika kitenzi cha mwisho, na mbele yake pana njia mbili tu: ukatumbukia, au akatumbukia.